Damu Isiyo na Njia

Teresa Nanjala alikuwa miongoni mwa wasichana wa kwanza wa Kiafrika kukalia mitambo ya simu katika mji wa Kakamega. Ilikuwa miaka ile ya mwanzo ya uhuru, wageni wakiondoka mmoja mmoja maofisini na viti vyao vikijazwa na vijana waliotoka shule za misheni. Kazi yake ilikuwa kuchomeka waya na kuchomoa, kuuliza nambari kwa sauti ya upole, kumuunganisha mwenye duka wa Mumias na karani wa Kisumu, na kutosikiliza yasiyomhusu. Aliipenda sana kazi hiyo. Wateja walimjua kwa sauti tu, na wengine wakija mjini walichungulia dirishani ili wamwone mwenye sauti yenyewe.

Jambo moja lilimharibia. Kila mwezi, siku zake zilipofika, alikosa kwenda kazini. Msimamizi wake, ambaye hakuwa mtu mbaya, alimwita akamweleza kwamba wakubwa wameanza kuuliza. Nanjala aliinamisha kichwa. Hakuona namna ya kumwambia mwanamume wa makamo, aliyevaa tai na kuketi nyuma ya meza, kwamba nyumbani alikuwa akilala sakafuni kwa sababu saruji ilikuwa baridi na baridi ilimpunguzia maumivu kidogo.

Maumivu hayo alianza nayo shuleni. Mlezi wa bweni alimpa vidonge vya aspirini, na vilipokosa kumsaidia akasema msichana huyu anakwepa kazi ya shamba. Mama yake mzazi alimfunga kitambaa cha moto tumboni, akamwambia wanawake wote huumwa, na kwamba akizaa yataisha. Basi Nanjala akangoja kuzaa. Aliolewa na Lazarus Barasa, mwalimu wa kilimo cha mimea pale chuo cha Bukura, mwanamume mtaratibu aliyependa kucheka. Miaka ikapita, mimba haikuingia, na maumivu yakazidi. Sasa yalimfuata hata chumbani mwao. Alipokaribiwa na mumewe aliuma midomo, na mara nyingine akamgeuzia mgongo bila kumweleza sababu. Lazarus alidhani hapendwi tena. Hakuuliza, naye Nanjala hakusema, na wawili hao waliokuwa wakicheka pamoja wakaanza kuzungumza habari za chumvi na mafuta ya taa tu.

Mama yake Lazarus, Mideva, alikuwa mjane mwenye shamba la chai na ndizi karibu na Khayega. Watu walimjua sokoni kwa sauti yake nene na kwa mizani yake isiyopunja. Mideva hakumchukia mkwe wake. Alimwona kama mtu aliyekwama matopeni, na yeye Mideva ndiye aliyetumwa kumvuta. Alimpeleka kwa mama mmoja wa mitishamba kule Shinyalu, akampeleka kwa mzee aliyetazama maji kwenye kibuyu, akampeleka kwenye maombi ya mfungo. Nanjala alikunywa alichopewa na kupiga magoti alipoambiwa. Hakuna kilichobadilika. Ndugu za marehemu baba yake Lazarus walikuwa wameanza kutaja jina la msichana mwingine, na Mideva aliwanyamazisha, ingawa kila mara sauti yake ilipungua nguvu.

Ikawa siku moja asubuhi, mwaka wa tatu wa uhuru, Nanjala akiwa kwenye kiti chake, ghafla akahisi kitu kimepasuka ndani ya tumbo upande wa kushoto. Aliwahi kumwambia mteja asubiri kidogo. Kisha akaanguka chini pamoja na waya zilizokuwa mkononi mwake. Wenzake walimkuta amejikunja, jasho linamtoka, midomo imekuwa myeupe. Msimamizi mwenyewe alimbeba hadi kwenye gari la ofisi na kumkimbiza hospitali ya mkoa.

Daktari aliyekuwa zamu aliitwa Kibiwott, kijana mrefu aliyekuwa amerudi karibuni kutoka masomoni Kampala. Aliligusa tumbo la Nanjala, akaona limekaza kama ubao, akatuma mtu Bukura amwite mumewe, na kabla ya jua kuwa la utosi akampasua.

Alichokikuta alimweleza Nanjala alipokuwa na nguvu za kukaa, Lazarus akiwa ameketi kando ya kitanda na kofia yake magotini. Alisema kwenye ovari ya kushoto, kiungo kinachotunza mayai ya mwanamke, palikuwa na uvimbe ukubwa wa limau, nao ndio uliopasuka. Ndani yake mlikuwa na damu ya zamani, nzito na nyeusi kama sukari guru iliyoyeyushwa. Zaidi ya hapo, ngozi nyembamba iliyolivika tumbo kwa ndani ilikuwa na madoadoa meusi, na matumbo yalikuwa yameshikana na mji wa mimba kwa nyuzi za makovu. Ameondoa uvimbe, amechoma madoa aliyoweza kuyafikia, amekata nyuzi. Ovari ya kulia ilikuwa nzima. Kipande cha uvimbe amekipeleka maabara huko Nairobi, wakitazame kwa hadubini.

"Kwa hivyo kulikuwa na kitu kweli," Nanjala akasema.

"Kulikuwa na kitu," daktari akajibu. "Na hakikuanza jana. Sijui umeishi nacho vipi."

Nanjala alilia hapo, kwa mara ya kwanza tangu aletwe. Lazarus alifikiri ni uchungu wa kidonda, akataka kumwita muuguzi. Nanjala akamshika mkono, akamwambia asiende. Kisha, daktari alipoondoka, akamweleza yote aliyokuwa akiyaficha, hata yale ya chumbani. Lazarus alisikiliza akiitazama kofia yake. Alipomaliza, mumewe alisema neno moja tu, kwamba alidhani yeye ndiye aliyemkosea mkewe. Chakula cha wagonjwa kilipoletwa, Lazarus alimshikia sahani.

Majibu ya Nairobi yalichukua muda kufika. Yalipokuja, Kibiwott alimwita Nanjala na kumpa jina la ugonjwa wake: endometriosisi. Nanjala alilirudia polepole, kama alivyozoea kurudia majina magumu ya wateja ili asiyakosee, mpaka likamkaa ulimini. Daktari akamwambia hakuna kidonge cha kuung'oa ugonjwa wote, na kwamba chembe nyingine huenda zimebaki mahali ambapo kisu hakikufika. Lakini zipo dawa mpya za kuzinyamazisha. Angemeza kwa miezi mingi mfululizo, na katika muda huo asingeona hedhi kabisa. Mwili ungedhani una mimba. Baadaye wangeziacha, na hapo, kwa kuwa ovari moja ni nzima na mirija iko wazi, mlango wa kupata mtoto ungekuwa haujafungwa. Hakumwahidi. Alirudia mara mbili kwamba hamwahidi.

Nanjala akaanza kumeza. Majuma ya kwanza yalikuwa mabaya. Alichafukwa na moyo, matiti yakamuuma, akanenepa hadi sketi zake zikakataa kufunga. Kisha ukapita mwezi bila maumivu, na mwingine. Hakukosa kazini hata siku moja. Alikuwa akiamka asubuhi na kujishika tumbo, akingoja, na alipoona hakuna kitu aliinuka na kuwasha jiko.

Mideva alikuja mjini siku ya soko na mkungu wa ndizi. Alimkuta mkwe wake amenenepa usoni, amechafukwa na harufu ya mafuta, na jirani mmoja akamnong'oneza kwamba huenda mambo yamejibu. Mama huyo alifurahi kiasi cha kukosa pa kukaa. Nanjala alipokwenda kazini, Mideva alibaki akipanga sahani kabatini, akaiona pakiti ya vidonge. Alitoka nayo hadi kwa Zainabu, mwanamke wa Mumias aliyepanga nyumba ya jirani, aliyekuwa akifanya usafi kwenye kliniki ya akina mama. Zainabu aliitambua mara moja. Bila nia mbaya yoyote alimwambia kwamba dawa za namna hii ndizo wanazopewa wanawake wanaotaka kupanga uzazi, ili wasishike mimba.

Nanjala aliporudi jioni kutoka kazini, aliukuta mkungu wa ndizi sakafuni. Mama mkwe hakuwapo, na pakiti ya vidonge haikuwapo.

Lazarus aliposikia alitaka kupanda pikipiki yake papo hapo aende Khayega. Alikuwa amekasirika, na Nanjala alijua kwamba mtu mtaratibu akikasirika husema maneno yasiyofutika. Alimwomba abaki. Kesho yake ilikuwa Jumamosi. Akapanda basi peke yake.

Alimkuta Mideva shambani akichuma chai, kikapu mgongoni. Mideva hakusimamisha mikono yake. Alimsalimu kama kawaida, akauliza kama mvua imenyesha mjini.

"Mama, nimekuja kuchukua dawa yangu," Nanjala akasema.

"Dawa ya kufukuza watoto?" Mideva aliendelea kuchuma. "Mimi nimepigana na ukoo mzima kwa ajili yako. Nimewaambia, huyu binti hana kosa, anatafuta mtoto. Na wewe unamezanga vidonge mtoto asije. Sasa nitawaambia nini?"

Nanjala alikuwa amejiandaa kwa maneno ya daktari, lakini pale kati ya mistari ya chai maneno hayo yalimkimbia. Akasema yale yaliyomjia.

"Mama, umenipeleka kwa watu wengi. Nilikunywa kila walichonipa, na sikuuliza ni mzizi wa nini. Nilikunywa kwa sababu ni wewe uliyenipeleka. Sasa na mimi nataka kukupeleka mahali pamoja tu. Njoo uonane na daktari, umuulize lolote unalotaka. Ukitoka pale na moyo wako haujatulia, dawa ubaki nazo."

Mideva alisimamisha mikono. Akatua kikapu, na akasema wakale kwanza. Walikula obusuma, ugali wa kwao, na mboga bila kuzungumza habari hiyo tena. Jumatatu, Mideva alishuka kutoka basi la asubuhi amevaa gauni lake la kanisani, na pakiti ya vidonge imefungwa kwenye ncha ya leso.

Kibiwott angeweza kumweleza kwa dakika chache na kumuaga. Lakini alipoona namna mama huyo alivyokaa kwenye ncha ya kiti, aliwachukua wote wawili hadi chumba cha maabara mwisho wa ukumbi, akaweka hadubini mezani karibu na dirisha. Alieleza kwamba mwili wote umejengwa kwa vijumba vidogo visivyoonekana kwa macho, navyo huitwa seli, na kila kiungo kina seli za namna yake. Akachukua kioo chembamba kilichopakwa rangi ya waridi na zambarau, akakiweka chini ya lenzi, akamwomba Mideva atazame.

Ilimchukua muda kujua ni jicho lipi afumbe. Kisha akatulia.

"Naona mashimo," akasema. "Ya mviringo. Na ukingoni kuna nukta zimejipanga kama punje kwenye gunzi la hindi."

Daktari akamwambia hizo ndizo seli za utando wa ndani wa mji wa mimba, zilizochukuliwa kwa mwanamke mwingine. Kila mwezi mwili hutuma amri kupitia damu, na amri hizo huitwa homoni. Homoni zinauambia utando ujijenge, umwandalie mtoto kitanda. Mtoto asipokuja, utando unabomoka na kutoka. Hiyo ndiyo hedhi. Kisha akaondoa kioo cha kwanza akaweka cha pili.

Mideva alitazama kwa muda mrefu kuliko mara ya kwanza.

"Ni zile zile."

"Ni za jamii ile ile. Lakini hizi hazikutoka kwenye mji wa mimba, mama. Zilitoka kwenye ovari ya mkwe wako, ndani ya ule uvimbe; kioo hiki kilirudi na majibu ya Nairobi."

Akaendelea. Wasomi wengi wanaamini kwamba wakati wa hedhi, damu kidogo hurudi nyuma kupitia mirija na kumwagika ndani ya tumbo, ikibeba seli hizi zikiwa bado hai. Kwa wengine zinanata huko, zinajitafutia mishipa ya damu na kukua. Na kwa kuwa ni seli zile zile, zinaisikia ile amri ya kila mwezi. Zinajijenga, zinabomoka, zinatoa damu. Lakini pale zilipo hakuna mlango. Damu inakaa, mwili unaiona kama adui na kuipiga vita, panavimba, panapata kovu, na viungo vinashikana. Vidonge hivi vinazuia ile amri isitumwe. Ni kweli ni jamii ya dawa wanazomeza wanaotaka kupanga uzazi, wala hawezi kumficha. Lakini kwa Nanjala kazi yake ni kuzinyima seli hizi amri mpaka zinywee, ili tumbo lipate kupona, na mtoto akija akute mahali.

"Mimi nimezaa saba," Mideva akasema. "Mbona yangu haikurudi nyuma?"

"Huenda ilirudi. Huenda inarudi kwa wanawake wengi, na mwili unaifagia. Kwa nini kwa wengine seli zinafaulu kuishi, hilo sijui, mama. Hata walimu wangu hawajui. Kuna kitu ndani ya seli zenyewe, au katika ulinzi wa mwili, ambacho bado kinatafutwa. Wapo wanaosema hazirudi kabisa, bali seli za tumbo zenyewe hugeuka zikawa hivi. Nikikwambia najua, nitakuwa nakudanganya."

Nanjala aliogopa kwamba jibu hilo litaharibu kila kitu. Wale wote waliowahi kumtibu walikuwa na majibu yasiyoyumba. Lakini Mideva aliitikia kwa kichwa, kana kwamba mtu anayekubali kwamba hajui ndiye aliyekuwa akimtafuta. Alikaa akiifungua na kuifunga leso yake. Hatimaye akauliza, kwa sauti ambayo Nanjala hakuwahi kuisikia kwake, kama msichana ambaye hajaolewa anaweza kuwa na ugonjwa huu.

Daktari akamwambia kwamba mkwe wake alianza nao kabla hajaolewa.

Mideva alikuwa na kitinda mimba, Selpher, aliyekuwa akisoma shule ya bweni. Mwaka huo alikuwa amerudishwa nyumbani zaidi ya mara moja, kwa sababu ya kulala darasani na kukataa kuamka kitandani. Mara ya mwisho Mideva alimpa jembe na kumlimisha tangu asubuhi, apate kujua kwamba nyumbani si mahali pa kustarehe.

"Alikuwa anatapika kwenye mistari ya mahindi," Mideva akasema. "Anajifuta, analima. Hakulia. Mimi nikasema, unaona, hana kitu."

Nanjala akasogeza kiti chake karibu na mama mkwe wake, akaketi bega kwa bega naye. Baada ya muda Mideva akafungua fundo la leso, akampa pakiti ya vidonge. Akauliza daktari huonana na wagonjwa wa namna hii siku gani. Siku iyo hiyo hakurudi Khayega. Alipanda basi kwenda shuleni kwa Selpher, akiwa bado na gauni lake la kanisani.

Selpher hakupasuliwa. Kibiwott alimpima, akasema kwa msichana mdogo hivyo hawezi kuwa na hakika bila kisu, na kisu hakuna haja nacho kwa sasa. Akampa dawa ya maumivu iliyo na nguvu zaidi, akamweleza aimeze kabla hali haijawa mbaya, na baadaye akampa vidonge vya kutuliza homoni. Barua yake kwa mkuu wa shule ilikuwa fupi: mtoto huyu anaumwa, aruhusiwe kulala. Selpher alimwambia Nanjala baadaye kwamba dawa ilimsaidia, lakini zaidi ilimsaidia kule kuitwa ndani na mama yake, siku moja ya likizo, na kuambiwa aache kuokota kuni, alale, mama yake ataokota.

Nanjala alimaliza dawa zake mwaka uliofuata. Hedhi iliporudi aliogopa, akatandika mkeka sakafuni kama zamani. Uchungu ulikuja, lakini ulikuwa wa kawaida, wa kuvumilika, na kesho yake akaenda kazini. Yeye na Lazarus walikuwa wamejifunza kuzungumza. Jioni Lazarus alimsimulia mambo ya chuo na wanafunzi waliochanganya mbegu, na akicheka aliangusha kichwa nyuma kama kijana aliyemchumbia. Mtoto wao wa kike alizaliwa wakati wa mvua za masika, mwaka wa tano wa uhuru. Hawakupata mwingine. Maumivu yalirudi miaka michache baadaye, si kwa ukali ule wa mwanzo, na Nanjala akarudi kwa daktari akiwa anajua jina la anachokwenda kukisema.

Mideva naye aliendelea kuuza ndizi sokoni Khayega. Mwanamke akija kwenye meza yake na kulalamika kwamba binti yake ni mvivu, kwamba kila mwezi anajifanya mgonjwa, Mideva alikuwa akiacha kupima na kumuuliza maswali, kwa ile sauti yake nene, bila kujali nani anasikia. Analala chini? Anatapika? Mwanzoni wanawake waliona haya na kugeuka. Baadaye wengine walianza kumfuata wenyewe. Jumatatu moja, akipita na mtoto mgongoni kumpeleka kupimwa uzito, Nanjala alimwona mama mkwe wake kwenye benchi la hospitali, amekaa kati ya mama mmoja asiyemjua na msichana aliyejikunja. Mideva alikuwa amemshika msichana mkono. Alikuwa akimweleza, taratibu, habari ya punje zilizojipanga kwenye gunzi.